Raba za mtumba na fundi wa Mwanjelwa: zilivyonivusha kilomita 42

Naandika kwa ajili ya mtu wa Mbeya anayetaka kukimbia mbio ndefu na hana laki tatu ya raba mpya. Mimi sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo roho ingeniuma kuitoa, maana mbio zenyewe zilikuwa za kuchangisha pesa ya kuwasaidia wanaouguza wagonjwa nyumbani. Unamwombaje jirani shilingi 500 kwa kila kilomita huku miguuni umevaa raba za bei ya pampasi za miezi kadhaa za mgonjwa?

Tulikuwa sita, na wote tumewahi kuuguza mtu nyumbani. Mimi nilimuuguza mama miaka mitatu baada ya kiharusi. Aliyepita humo anajua: kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mgongo usije ukatoka vidonda, biashara kufa taratibu, ndugu kupiga simu kuuliza hali ya mgonjwa, na asitokee hata mmoja wa kuuliza kama wewe umelala. Shirika la Kazi Duniani liliandika mwaka 2018 kwamba zaidi ya robo tatu ya saa za kazi hii ya kulea na kuuguza bila malipo hufanywa na wanawake. Sikushangaa. Tulipopita nyumba kwa nyumba kule Uyole kuwauliza wanaouguza wanahitaji nini, dada mmoja alisema: "Sukari msiniletee. Nileteeni mtu wa kunipokea usiku mmoja, nilale." Hapo ndipo tukajua pesa itakwenda wapi.

Sasa raba. Jozi ya kwanza niliinunua kwa muuzaji mmoja wa barabarani kwa elfu 25. Zilikuwa zinang'aa, zimesuguliwa na dawa ya meno mpaka nyeupe pee. Nikazifanyia mazoezi wiki tatu. Kila nikivuka kilomita 12 mifupa ya mbele ya miguu inawaka moto, nikadhani ni umri. Nilipozipeleka kwa fundi ninayetaka kumweleza hapa, mzee wa makamo anayekaa pembeni ya vibanda vya mitumba Mwanjelwa, hakuziangalia kwa juu kabisa. Alizigeuza, akabonyeza sponji ya kisigino kwa kidole gumba, akasubiri. Alama ya kidole ikabaki pale pale. "Mwanangu, hii imeshakufa," akasema. "Unakimbia juu ya ubao."

Hakutaka kuzishona. Angeweza kuchukua elfu tano zangu akanyamaza, na mimi nisingejua. Badala yake alinipeleka kibanda cha tatu kutoka kwake, kwa kijana anayeuza raba za mbio tu. Kijana alilalamika kwamba tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kila mtu anataka raba za mbio, na belo halina nyingi. Tulichambua rundo lote. Nilichopata ni jozi ya bluu, namba 40 ingawa mimi ni 39, kwa sababu mguu unavimba ukikimbia saa nyingi. Ndani ya ulimi mwenye nazo wa kwanza alikuwa ameandika herufi mbili kwa kalamu ya wino. Sponji ilirudi ukiibonyeza. Elfu 45 alizotaja, tukamalizana kwa 38.

Kasoro yake ilikuwa kisigino cha kulia, kimelika upande wa nje. Fundi alichonga kipande cha mpira wa tairi, chembamba kama ganda la chungwa, akakipaka gundi, akakiacha kikauke kidogo ndipo akakibandika, akalaza jiwe juu mpaka kesho yake. Akazungushia soli yote mshono wa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Elfu 6. Akanifundisha pia kuingiza kamba kwenye lile tundu la mwisho la juu, ambalo wengi hatulitumii, ili kisigino kisicheze wakati wa kuteremka.

Ushauri huo ndio ulioniokoa. Tulipima njia kwa pikipiki: kutoka Uyole, Igawilo, unapanda barabara ya Tukuyu kilomita 21 na mita mia hivi, unageuza. Ilikuwa Jumamosi ya Juni, baridi ya kukata masikio, na kadiri tunavyopanda kuelekea Rungwe ukungu unazidi na manyunyu yanaanza. Akina mama waliopanga ndoo za viazi kando ya barabara walituuliza tunakimbia nini. Tukawaambia. Mmoja akafungua pindo la kitenge, akatoa elfu moja iliyokunjwa mara nne, akaniwekea kiganjani. "Ndaga," akasema yeye, wakati wa kushukuru nilikuwa mimi.

Kwenye lami iliyolowa raba hizi zinateleza kidogo, nisifiche; malori yanayokwenda Kasumulu yakipita karibu inabidi upunguze mwendo. Kupanda hazikunipa shida. Kuteremka ndiko nilikokuogopa, na wenzangu wawili walipoteza kucha za vidole gumba huko. Zangu zote zipo. Kipande cha tairi hakikulegea hata kidogo. Kitu kimoja tu: fundi aliacha fundo la uzi upande wa ndani, karibu na kidole kidogo, na kufika kilomita ya 30 lilikuwa limenitoa lengelenge. Nilipomrudishia alilikata palepale, akabandika kiraka cha ngozi, akakataa hela. Angalieni hilo kabla hamjaondoka kwake, pitisheni kidole ndani pande zote.

Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 52. Watu 47 walikuwa wameniahidi, na wote walilipa shilingi 21,000 zao, jumla 987,000, ukiacha ile elfu moja ya barabarani. Laki sita zimelipa mtu wa zamu usiku 60, elfu 10 kwa usiku, katika nyumba nne. Zilizobaki ni pampasi. Yule dada wa Uyole alilala usiku wake wa kwanza mpaka saa 3 asubuhi. Mtoto wake alikuja kugonga kwangu kwa hofu, akidhani mama anaumwa.

Kwa anayekwenda Mwanjelwa: belo la raba pale kwa kijana hufunguliwa Jumatano, fika kabla ya saa 2 asubuhi. Vaa soksi zile zile utakazokimbilia. Bonyeza sponji mwenyewe, hesabu mpaka kumi, uone kama inarudi.