Tagi za Bluetooth za kutafutia funguo, pochi na mabegi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Tagi ya Bluetooth yenyewe haijui iko wapi. Ndani yake hamna GPS wala laini ya simu. Kuna betri, spika ndogo, na redio ya Bluetooth inayorusha namba fulani hewani mchana na usiku. Anayejua mahali ilipo ni simu ya mpita njia: inaidaka ile namba, inaambatanisha mahali ilipo yenyewe, inaifunga taarifa kwa namna ambayo ni wewe tu unayeweza kuifungua, kisha inaipeleka mtandaoni. Mwenye simu hiyo hana habari. Wewe unafungua programu kwenye simu yako na kuona kidoti kwenye ramani.

Maana yake ni kwamba unaponunua tagi, unanunua simu za watu wa mtaani kwako. Rangi, umbo na hata ukali wa mlio vinakuja baadaye.

Mitandao mikubwa ni mitatu na haichanganyiki. Wa Apple unatumia iPhone, iPad na Mac. Wa Google, unaoitwa Find Hub (zamani Find My Device), ulianza Aprili 2024 na unatumia simu za Android kuanzia toleo la 9. Wa Samsung unatumia vifaa vya Galaxy peke yake. Wengi hudhani AirTag, yaani tagi ya Apple, itaonwa na simu yoyote. Haionwi hivyo: simu ya Android inaweza kumwonya mwenye simu hiyo kwamba kuna AirTag isiyo yake inamfuata, lakini haikupelekei wewe taarifa ya mahali ilipo.

Sasa angalia mikononi mwa abiria kwenye daladala ya Gongo la Mboto au matatu ya Eastleigh. Tecno, Infinix, itel, Samsung, Redmi. iPhone zipo ila si nyingi, na vitochi, zile simu ndogo za vitufe, haviingii kwenye hesabu kabisa. Masaki, Westlands au uwanja wa ndege mambo ni mengine. AirTag iliyodondoka Posta itaonekana ndani ya dakika chache. Iliyodondoka kijijini Mvomero inaweza kukaa kimya siku nzima.

Wingi wa Android nao hauleti ushindi wa moja kwa moja, kwa sababu ya jinsi Google ilivyoupanga mtandao wake. Simu nyingi zimewekwa zichangie kwenye maeneo yenye watu wengi tu, yaani ni lazima simu kadhaa ziione tagi yako kabla hujaonyeshwa chochote. Sokoni au stendi haina shida. Kwenye kichochoro anachopita mtu mmoja kila robo saa, ni shida. Ongeza na tabia yetu ya kuzima data ili bando lisiishe: simu iliyozimwa data haipeleki taarifa wakati huo hata ikiikanyaga tagi.

Simu za watu baki huwezi kuzibadilisha, ila za nyumbani na ofisini unaweza. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya Google, kisha Find Hub, kisha sehemu ya kutafuta vifaa vilivyo nje ya mtandao, na uchague mtandao wa maeneo yote badala ya maeneo yenye watu wengi. Simu iwe na PIN au aina nyingine ya kufunga skrini, kwani bila hiyo haitachangia. Bluetooth na huduma ya mahali viwe vimewashwa. Ukiwafanyia hivyo watu wanne watano wanaopita njia unazopita wewe, tagi yako itafaidika kuliko ungeongeza pesa ukanunua ya bei ghali.

Mpangilio wetu

Bei tunazotaja ni za kampuni zenyewe, kwa dola za Marekani. Ukijumlisha usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, jiandae kulipa zaidi Kariakoo au Luthuli.

1. Chipolo POP, kama dola 29. Kwa mtu wa kawaida wa Afrika Mashariki hii ndiyo tunayoiweka juu. Inatengenezwa na kampuni ya Slovenia, na sababu kubwa ya kuipendelea ni kwamba inakubali mtandao wa Apple au wa Google. Unachagua mmoja wakati wa kuiunganisha. Leo una Infinix, mwakani umepata iPhone: unaifuta, unaiunganisha upya, na maisha yanaendelea. Ina tundu la kupitishia pete ya funguo, jambo dogo linalokuokoa gharama ya kununua kishikio. Mlio wake ni mkali, na ukibonyeza kitufe chake simu yako inalia, kwa hiyo inafaa pia kwa mtu anayepoteza simu ndani ya nyumba kila asubuhi. Betri ni CR2032, ile ya duara kama kidonge, inadumu karibu mwaka mmoja. Upungufu wake ni mawili: haina UWB, ile teknolojia ya kukuelekeza kwa mshale hadi kwenye kitu, na kinga yake ya maji ni IP55. Mvua inaistahimili, ndoo ya kufulia haiistahimili. Toa funguo mfukoni kabla ya kuloweka suruali.

2. AirTag ya Apple, dola 29 moja au 99 kwa nne. Kama una iPhone na unaishi mjini, au unasafiri sana kwa ndege, ipandishe iwe ya kwanza. Ina UWB, na kuanzia iPhone 11 (ukiacha baadhi, kama SE na 16e) simu inakuonyesha mshale na umbali hadi nyuma ya kochi. Kinga ya maji ni IP67, yaani mita moja kwa dakika 30. Toleo la pili la Januari 2026 lina mlio mkali zaidi kwa asilimia 50 na linaelekeza kutoka mbali zaidi, bei ikibaki ileile; ukikuta la zamani limepunguzwa bei vya kutosha, halina ubaya wowote. Kinachokera ni kwamba haina tundu, hivyo kishikio unakilipia mbali. Mwenye Android aiache kabisa. Hawezi hata kuiunganisha.

3. Moto Tag ya Motorola, dola 29. Hii ni ya Google tu, ina IP67, kitufe cha kuita simu, na ukubwa unaoingia kwenye vishikio vya AirTag, ambavyo vimejaa kila duka na ni vya bei nafuu. UWB inayo pia, lakini ni lazima simu yako nayo iwe nayo, na simu nyingi za Android zinazouzwa kwetu hazina. Usiongeze hata senti kwa ajili ya kitu ambacho simu yako haitakitumia.

4. Samsung SmartTag2, dola 30. Kifaa chenyewe pengine ndicho kilichotengenezwa vizuri kuliko vyote hapa: tundu kubwa la chuma, IP67, na betri ambayo Samsung inasema hufika siku 500, au 700 ikiwekwa kwenye hali ya kubana matumizi. Kimeshuka hadi nafasi ya nne kwa sababu kimefungwa kwenye Galaxy. Siku ukihamia Tecno kinageuka pambo la funguo. Anayejua hatahama Samsung akinunue bila wasiwasi.

5. Pebblebee, Clip au Card, dola 35. Hizi zinachajiwa, na toleo la Universal linakubali Apple au Google. Clip inachajiwa kwa USB-C. Card ni nyembamba, kwa hiyo inakaa kwenye pochi pamoja na kadi za benki. AirTag yenye milimita 8 itaifanya pochi ivimbe na ngozi ipasuke mshononi. Kwa pochi tu, ipe Card nafasi ya kwanza. Tatizo ni kuipata, kwani mara nyingi lazima uagize.

6. Tile. Ilikuwa kinara kabla ya AirTag kutoka mwaka 2021. Inategemea zaidi watu walioweka programu yake, na huku kwetu hao ni wa kuhesabu. Ndani ya nyumba italia vizuri. Nje ya nyumba usiitegemee.

Tagi za bei rahisi kutoka China zilizoandikwa kwenye boksi kwamba zinafanya kazi na Apple Find My au Google Find Hub nazo si za kudharau, mradi maandishi hayo ni ya kweli. Hazina UWB, plastiki ni laini, lakini zinapita kwenye mtandao uleule. Kwa mwavuli au begi la mtoto la shule zinatosha.

Kinachotakiwa kuogopwa ni kile kidude cha umbo la tone la maji, maarufu kama iTag, kinachouzwa kwa bei ya soda kadhaa na kutangazwa eti ni GPS. Hakina mtandao wowote nyuma yake. Kinalia ukiwa chumba kimoja nacho, na ukitoka hapo ramani inakuonyesha mahali simu yako ilipokiona mara ya mwisho. Na kama unataka kulinda pikipiki au gari, achana na orodha hii yote: nunua traka ya GPS yenye laini, ifungwe na fundi kwenye umeme wa chombo. Tagi iliyofichwa chini ya kiti cha bodaboda ni msaada wa ziada tu.

Kabla hujatoa pesa

Iunganishe ukiwa bado dukani, hasa ikiwa imetumika. Tagi iliyosajiliwa kwenye akaunti ya mtu haiwezi kusajiliwa kwako mpaka yeye aiondoe kwenye akaunti yake, na hakuna fundi simu wa kuifungua. Kwa AirTag utaratibu ni huu: mwenyewe aitoe kwenye programu yake ya Find My, kisha kandamiza kifuniko cha chuma, kizungushe kinyume cha saa, toa betri, irudishe na uibonyeze mpaka isikike mlio. Rudia mpaka utimize milio mitano. Wa tano una sauti tofauti. Ikishindwa kuunganishwa baada ya hapo, mrudishie muuzaji.

Agiza na betri za akiba, na hapa ndipo wengi wanapokwama. CR2032 zilizobandikwa kwenye karatasi na kutundikwa mlangoni mwa duka mara nyingi zimekaa miaka. Kama fundi ana mita, mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo, ikisoma 2.8, iache. Nyingine, hasa baadhi ya Duracell, zimepakwa ladha chungu ili mtoto akiitia mdomoni aiteme. Nia ni njema, lakini upako huo unaweza kuzuia mguso, na AirTag inakaa kimya kama imekufa. Chagua isiyo na upako huo. Yenye upako au isiyo nao, iweke mbali na watoto: betri ya kidonge ikimezwa inaunguza koo ndani ya saa chache.

Kwenye begi la ndege

Tagi inaruhusiwa kwenye mzigo unaopakiwa chini. Kikomo kwa betri za aina hii ni gramu 0.3 za lithiamu, na CR2032 ina kama gramu 0.1. Iweke katikati ya nguo au kwenye mfuko wa kitambaa wa ndani. Sanduku la alumini hudhoofisha mawimbi, na tagi iliyobanwa kati ya sufuria na chupa za chai haifiki mbali. Angani itanyamaza, hilo ni la kawaida; subiri begi lishushwe. Mzigo ukibaki Doha au Addis Ababa, mwenye iPhone yenye iOS 18.2 na kuendelea anaweza kutengeneza kiungo cha mahali lilipo na kukituma kwa shirika la ndege, kama shirika hilo linapokea. Lisipopokea, piga picha ya ramani ikiwa na saa yake, uionyeshe kwenye kaunta ya mizigo iliyopotea.

Ramani ikikudanganya

Kabla ya kukimbia, soma saa iliyoandikwa chini ya kidoti. "Saa tatu zilizopita" inamaanisha kitu kilikuwa pale saa tatu zilizopita, basi. Kidoti kinaweza pia kukosea kwa makumi ya mita, kwa kuwa ni mahali ilipokuwa simu iliyoiona; kwenye ghorofa hakikuambii ni la ngapi. Fika eneo, subiri programu iseme tagi iko karibu, ndipo uamuru ilie. Ndani ya nyumba ya matofali tegemea mita kumi hivi, hata kama boksi limeandika 90. Namba ya boksi ni ya uwanjani.

Kwa wizi, jua kwamba tagi hizi hazikutengenezwa zijifiche, na ni kwa makusudi. Tangu Mei 2024, iPhone yenye iOS 17.5 na Android kuanzia toleo la 6 humwonya mtu anayesafiri na tagi isiyo yake. AirTag nayo hulia yenyewe ikisogezwa baada ya kuwa mbali na mwenyewe kwa saa 8 hadi 24. Ulinzi huo ni wa kuzuia watu kufuatwa kwa siri, na mwizi anaufaidi vilevile. Kwa hiyo saa za mwanzo ndizo zako. Usiende peke yako kugonga mlango ulioonyeshwa na ramani: chukua RB kituoni, au namba ya OB ukiwa Kenya, na umpe askari ramani ikiwa bado inajisasisha.