CCR2004 ya MikroTik kwa mtandao mkuu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi

Mtoa huduma mdogo wa intaneti wa Lubumbashi anayetaka kuziunganisha ofisi za wateja wake na zile za Likasi na Kolwezi, huku mawasiliano ya kila kampuni yakibaki yametengwa na ya wengine, anahitaji ruta zinazosafirisha pakiti kwa lebo, yaani MPLS. Kwa kazi hiyo ninaipendekeza MikroTik CCR2004-1G-12S+2XS, ila mnunuzi aipangie MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayoruhusiwa kupita, kabla ya jambo lingine lolote.

Ruta hii ya kampuni ya Latvia ina milango 12 ya gigabiti 10 na 2 ya gigabiti 25. Ina pia vifaa 2 vya kupokelea umeme, na kwetu hilo ni hitaji la kweli: kimoja huchomekwa kwenye umeme wa mji, cha pili kwenye inveta yenye betri.

Kuipanga si kugumu kwa anayejua utaratibu. Kila ruta hupewa anwani ya kudumu isiyotegemea mlango wowote, OSPF, itifaki ya kutafuta njia, huzitangaza anwani hizo, kisha LDP, itifaki ya kugawana lebo, huwashwa kwenye milango inayoelekea ruta jirani pekee, kamwe si ile ya wateja. Ulinzi wa ruta (firewall) uruhusu bandari (port) namba 646 kwa UDP na TCP, la sivyo majirani hawatabadilishana lebo. Amri za RouterOS 7, mfumo endeshi wa ruta hizi, zinatofautiana na za toleo la 6, hivyo maelekezo ya zamani yasinakiliwe yalivyo.

Sasa MTU. Kila lebo ina biti 32, yaani baiti 4. Mteja wa VPN ya kawaida, yaani mtandao wake binafsi uliotengwa, hubebwa kwa lebo mbili, na pakiti yake ya baiti 1500 hufika 1508. Katika VPLS, inayoziunganisha ofisi kana kwamba ziko kwenye swichi moja, huongezeka pia kichwa cha Etheneti cha baiti 14 na neno la udhibiti la baiti 4, jumla 1526. Kipimo hicho lazima kipite kwenye ruta zote na pia kwenye kila swichi na redio ya mlimani iliyo katikati ya njia, kwa maana kifaa kimoja kikikataa, pingi ndogo, yaani pakiti za majaribio, zitajibu vizuri wakati faili kubwa za mteja zinakwama, na fundi atatafuta kosa mahali pasipo na kosa. Pima kwa pingi ya baiti 1500 isiyoruhusiwa kugawanywa, kutoka kwa mteja hadi kwa mteja.

Udhaifu wake ni kwamba lebo zote hushughulikiwa na prosesa yake ya viini 4, kwa hiyo milango yote haiwezi kujaa kwa pamoja. Ningeiweka Likasi na Kolwezi bila wasiwasi. Kwa kituo cha Lubumbashi kinachokusanya mzigo wote ningetafuta kubwa zaidi. Moduli za faiba hununuliwa kando, nazo ziingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.