Tahadhari: muuzaji wa cheni za matairi ya trekta anayekwepa swali la kilo

Ndugu zangu mnaotumia trekta ndogo kwenye theluji, kuna tangazo linazunguka mitandaoni kila majira ya baridi yanapokaribia. Cheni za matairi ya trekta, zile zinazovishwa juu ya tairi ili lisiteleze, bei ya kutupa, "punguzo la kufunga msimu" wakati theluji yenyewe haijaanza kudondoka. Niliagiza, nikalizwa. Wengi tunajua utapeli wa kulipa halafu usiletewe kitu. Huyu analeta, na ujanja wake uko hapohapo: kile anacholeta kinampa ushahidi kwamba mzigo umefika na umepokelewa.

Picha ya tangazo ilionyesha cheni nene za wavu, zile ambazo minyororo yake inakatizana mshazari juu ya tairi. Lilikuja boksi ambalo mtu analiinua kwa mkono mmoja. Ndani mna mnyororo mwembamba wa mtindo wa ngazi, yaani vipande vinavyokatiza tairi kama vipandio vya ngazi, umepakwa zinki unang'aa kweli, na ndoano laini ambazo koleo la kawaida linazikunja. Tena ni cheni ya tairi moja! Picha ina mbili, ila maandishi madogo chini kabisa ya ukurasa yanasema bei ni ya kipande.

Kabla hujalipa mtu yeyote, muulize kilo. Jozi ya cheni za matairi ya nyuma, hata ya trekta ndogo, ina uzito wa makumi ya kilo. Mwenye mzigo halisi anaijua namba hiyo, kwa sababu analipia usafirishaji kwa uzito. Huyu nilipomuuliza baada ya kufungua boksi, alinijibu kwamba bidhaa zao ni za "ubora wa hali ya juu". Nikamuuliza unene wa pete, akanirudishia picha ileile ya tangazo.

Na unene ndiyo sehemu ambayo picha haiwezi kukuonyesha. Pete ya milimita 8 na ya milimita 6 ukiziona kwenye simu zinafanana kabisa. Lakini chuma huhesabiwa kwa eneo la mkato wake: ukishuka kutoka 8 hadi 6, kinachobaki ni kidogo zaidi ya nusu. Umelipia cheni nzima, umeletewa nusu ya chuma. Ikikatika trekta ikiwa mwendoni, kipande kinachoning'inia kinapiga madigadi au kinachana mpira wa haidroliki kila gurudumu linapozunguka. Ikikatika kwenye mteremko na ndoo ya mbele imejaa, hayo mengine sitaki hata kuyafikiria.

Kitu cha pili kilichonifanya niamini huyu si muuzaji wa cheni bali ni muuzaji wa picha: tangazo linasema zinafaa "matairi yote ya inchi 20 hadi 24". Hakuna kitu kama hicho. Soma ubavuni mwa tairi lako. Likiandikwa 43x16.00-20, maana yake kimo cha tairi zima ni inchi 43, upana 16, na rimu 20. Hiyo 20 peke yake haimwambii mtu chochote kuhusu mzunguko wa tairi, na cheni inavishwa juu ya tairi, haivishwi kwenye rimu. Matairi mawili ya rimu moja yanaweza kupishana sana kwa kimo na kwa upana. Muuzaji wa kweli anataka maandishi yote kama yalivyo, hadi nukta.

Atakuuliza pia aina ya meno. Matairi ya shamba, yanayoitwa R1, yana meno marefu yaliyolala mshazari na nafasi pana katikati. Ukiyavisha cheni ya ngazi, mnyororo wa kukatisha unadumbukia kwenye ile nafasi, meno yanabaki juu, na trekta inateleza kana kwamba hukuvaa kitu. Yanahitaji wavu. Matairi ya bustani, R3, yana meno mafupi, kwa hiyo ngazi inaweza kukaa vizuri, hasa ile yenye mnyororo wa kukatisha kila baada ya pete 2 za pembeni badala ya 4. Matairi ya R4, ya kazi za ujenzi, yako katikati, na hapo inabidi uangalie nafasi iliyopo kati ya meno ya tairi lako mwenyewe. Kisha atakuuliza kuna upenyo kiasi gani kati ya tairi na madigadi, na upande wa ndani kati ya tairi na mikono ya kunyanyulia vifaa, maana kwenye trekta ndogo sehemu hizo zimebanana. Huyu wa tangazo hakuuliza hata kimoja. Kulikuwa na kitufe cha kulipa tu.

Ugumu wa chuma mtajaribu kwa tupa: kwenye pete iliyotiwa ugumu vizuri tupa inateleza, kwenye chuma laini inakula. Ya kwangu ililiwa mara moja. Pete kadhaa hazikuchomelewa hata kidogo, zimekunjwa tu ncha zikutane, na zinki ikafunika.

Nilipodai pesa yangu, ngoma ilibadilika. Kwanza: rudisha mzigo kwa gharama yako, kwenye anwani iliyo ng'ambo ya bahari, ambako nauli ya chuma inapita bei niliyonunulia. Halafu wakataka wanirudishie sehemu ndogo ya pesa na cheni nibaki nayo. Nikikataa wanaongeza kidogo, na kila jibu linakuja baada ya kimya kirefu. Wanakula muda. Benki na kampuni za malipo zina ukomo wa kupokea malalamiko. Kwa PayPal ni siku 180 tangu ulipe. Wanajua hilo kuliko sisi. Wakikuambia "funga lalamiko kwanza ndipo tukutumie pesa", usifunge, kwa sababu kwa PayPal lalamiko likishafungwa halifunguliwi tena. Na muuzaji akikuomba ulipe kwa njia ile ya kutumiana pesa ndugu na marafiki, mwache, njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi.

Jina la duka sitaji, na hata nikilitaja halitasaidia: niliitafuta ile picha kwa kutumia picha yenyewe, nikaikuta kwenye kurasa nyingine zenye majina tofauti, trekta ileile, theluji ileile. Kesho watakuwa na jina jingine.

Kama umeshaagiza na mzigo uko njiani, rekodi video wakati unafungua boksi, uliweke kwenye mizani kabla hujakata gundi, na upige picha ya pete pembeni ya rula. Picha ya tangazo ihifadhi leo, kwa sababu ukurasa unaweza kufutwa. Lalamiko lifungue kwa kosa la bidhaa kutofanana na maelezo, siyo kwa kosa la mzigo kutofika, maana hilo la kutofika watalishinda kwa namba ya kufuatilia mzigo.