Oili na petroli ya Vespa kongwe: nilivyozipanga kwa anayenunua Unguja na Pemba

Fundi alipoivua silinda ya Vespa niliyoachiwa na ami yangu, ringi zilikataa kutoka. Zilikuwa zimegandia kwenye mifereji ya pistoni kwa utando mweusi kama lami, ikabidi azichokoe moja moja kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika. Msimu mzima nilikuwa naitilia oili ya mashine za boti. Ndiyo iliyokuwepo duka la karibu, na kopo lake lina 2T, alama ya oili za injini za tu-stroki, kama makopo mengine. Sikuyasoma maandishi madogo ya nyuma.

Basi haya nawaandikia wenzangu wenye Vespa PX, Yamaha DT, Suzuki A100 na pikipiki nyengine za zamani za tu-stroki, zinazounguza oili pamoja na petroli. Injini hizi hazina oili iliyotulia chini ikizunguka kama ya gari. Beringi za krenki, pistoni na ringi vyote hulainishwa na ile oili iliyochanganywa na petroli. Hupita mara moja tu, kisha huungua. Kwa hiyo oili mbaya hukudhuru mara mbili: hailainishi inavyotakiwa, na ikishaungua huacha uchafu ndani.

Oili, kuanzia ninayoipenda zaidi

Ya kwanza ni iliyoandikwa JASO FC, au FD. JASO ni kipimo cha Wajapani, na kwa kawaida huwa ndani ya kisanduku kidogo nyuma ya kopo. FC haitoi moshi mwingi. FD ni kama FC kwa moshi, ila husafisha zaidi injini ikiwa ya moto. Mimi hununua FC ya nusu sintetiki, na nikiikuta FD kwa tofauti ndogo ya bei naichukua hiyo. Suala la moshi lisidharauliwe na mtu anayepita vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako baraza za watu zipo hatua moja kutoka kwenye ekzosi yako. Kopo likiwa na API TC, kipimo cha Wamarekani, pamoja na FC, chukua bila wasiwasi.

Ya pili ni JASO FB, daraja la chini ya FC, ambayo mara nyingi ni ya madini tupu, bila sintetiki. Kwa Vespa inayokwenda Darajani na kurudi inatosha kabisa, na si kweli kwamba injini kongwe lazima ipewe oili ya ghali. Gharama yake huja baadaye: moshi ni mwingi zaidi, na masizi hujaa kwenye ekzosi na kwenye kichwa cha silinda, kwa hiyo utakwangua mapema kuliko mwenye FC.

Ya tatu ni TC-W3, ile ya boti iliyoniponza. Kwetu visiwani haikosekani, maana wavuvi wanaihitaji kila siku. Nayo ni oili nzuri, kwa kazi yake. Imetengenezwa bila viungo vinavyoacha majivu, kwa ajili ya mashine inayopozwa na maji ya bahari. Silinda ya Vespa hupozwa kwa upepo wa feni tu, chini ya kifuniko cha bati, na wakati wa Kaskazi joto lake ni jengine kabisa. Katika joto hilo TC-W3 haiwezi kuzisafisha ringi inavyopaswa. Ukikwama Nungwi au Mkoani, tia tangi moja ufike nyumbani, lakini usiifanye mazoea.

Oili ya injini ya gari sikuipa nafasi. Viungo vyake huacha majivu na huchafua plagi. Oili chafu ndiyo usiisogeze kabisa, kwani ina chembe za chuma. Na oili ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji, hata muuzaji akiapa ni 2T, iache. Huna kisanduku cha kusoma.

Kipimo

Vespa PX hutaka asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Tangi la lita 8 ni mililita 160. Vespa za miaka ya 1950 zilitaka asilimia 5, kwa hiyo fuata kitabu cha modeli yako na si cha jirani. Mimi hupimia kwa chupa ya maziwa ya mtoto. Ina alama za mililita, ina kifuniko, na kila duka la dawa inapatikana. Funga koki ya petroli kwanza, tia oili pamoja na petroli, tikisa chombo vizuri, ndipo ufungue koki. Ukitia oili koki ikiwa wazi huweza kuteremka nzito kwenye kabureta, na hapo utapiga kiki mpaka mguu uume.

Wapo wanaozidisha "kwa usalama". Ukizidisha oili, petroli inayopita kwenye jeti (kitundu cha kabureta) hupungua, na injini huweza kupata joto zaidi badala ya kupoa.

Anayenunua Yamaha DT ya mkono wa pili aulize swali moja kabla ya kutoa pesa: pampu ya oili bado inafanya kazi? Yamaha ilianza mfumo wake wa Autolube mwaka 1964, wenye tangi la oili la pembeni. Mafundi wengine huing'oa pampu na kurudi kwenye kuchanganya. Ukidhani ipo kumbe haipo, petroli tupu itaigandisha pistoni siku hiyo hiyo.

Petroli

Bora ni ya kituo chenye foleni, kwa sababu haikai. Compresheni ya injini hizi ni ndogo, hivyo petroli ya kawaida inatosha. Ya pili ni uliyoiweka mwenyewe ndani ya galoni lililofungwa vizuri, chini ya mwezi mmoja. Ya mwisho ni ya chupa za kando ya njia. Nunua ukikwama tu, na uinuse: ikinukia mafuta ya taa, rudisha. Mafuta ya taa hufanya injini igonge na kuchemka.

Dawa za kutia kwenye tangi

Hapa nitasema kwa ufupi, pesa yako ni bora iende kwenye oili. Wazee wengi hutafuta dawa ya kurudisha madini ya risasi, kwa sababu petroli ya zamani ilikuwa nayo, na Afrika kusini mwa Sahara iliachwa kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi ilikuwa ikilinda makalio ya valvu, na injini hizi hazina valvu za namna hiyo. Dawa za kuongeza oktani nazo hazina kazi kwenye PX. Ninayoikubali ni moja, ya kuhifadhi petroli, kwa chombo kitakacholala Masika nzima. Hata hapo mimi huona ni rahisi zaidi kukausha kabureta.

Giaboksi ya Vespa ni jambo la peke yake: SAE 30, mililita 250, haihusiani na 2T.

Wenzetu wa Pemba wana vilima ambavyo sisi wa Unguja hatuna. Ukiteremka kwa gia huku umefunga mkono wa mafuta, injini inazunguka kwa kasi na oili haiji. Fungua kidogo kidogo njiani, au kamata klachi.

Ukishatumia matangi mawili ya oili mpya, ivue plagi uitazame. Ikiwa na rangi ya kahawia, endelea na kopo hilo. Nyeupe maana yake injini inachemka, na ipelekwe kwa fundi kabla ya safari ya Makunduchi. Nyeusi yenye majimaji, rudi kwenye chupa ya maziwa ukapime tena.