Karai la mwenge kutoka Katwe: kazi safi ya chuma, moto usioonekana

Nikiwa mmoja wa walimu walioandaa ufunguzi wa michezo ya shule iliyotukutanisha na wageni kutoka Kenya na Tanzania, nilipewa jukumu la kutafuta fundi wa kututengenezea karai la mwenge linalowaka kwa gesi. Nilikwenda Katwe, hapa Kampala, kwenye karakana inayotengeneza majiko ya gesi ya shule na hoteli. Mazuri na mabaya nitakayoyaeleza yote yametokana na uamuzi huo.

Kwa upande wa chuma sina lawama. Karai lenye upana wa sentimita 90 lilikunjwa kwa bati nene, maungio yakachomelewa na kusuguliwa hadi mkono hausikii mshono, na nguzo yake ya mita mbili ilisimama wima kwenye uwanja wetu wenye mteremko. Mpira wa gesi ulipitishwa ndani ya bomba ili mtu asiukanyage, na valvu ikawekwa nyuma ya jukwaa, mahali ambapo mwalimu mmoja angeweza kuifikia bila kuonekana. Rangi ilitoa harufu kali siku ya kwanza, jambo ambalo tulistahili kuambiwa mapema.

Tatizo lilikuwa moto wenyewe. Tulipoujaribu saa nne asubuhi, jua likiwa kali, karai lilivuma na joto likaturudisha nyuma, lakini wanafunzi waliokaa ng'ambo ya uwanja waliuliza tutauwasha lini. Fundi alikuwa akitabasamu: “Mwalimu, huu ni moto safi, haupotezi gesi.” Alisema kweli. Gesi iliyochanganywa na hewa ya kutosha kabla ya kuwaka hutoa mwali wa buluu, ambao mpishi yeyote angeufurahia. Mwali wa manjano unaoonekana kutoka mbali hutokana na chembe za masizi zinazong'aa kwa joto pale hewa inapopungua. Tulikuwa tumeagiza mwenge, tukaletewa jiko bora.

Walio wakubwa kuliko sisi wamekutana na jambo hilohilo. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ilitumia haidrojeni katika karai lililosanifiwa na Oki Sato, na kwa kuwa mwali wa haidrojeni hauna rangi, ilibidi unyunyiziwe myeyusho wa sodiamu kaboneti, jamaa wa magadi tunayotia kwenye maharage, ili uwe wa manjano. Paris mwaka 2024 waliuacha moto kabisa: msanifu Mathieu Lehanneur alitundika chini ya puto pete yenye upana wa mita 7, ambamo ukungu wa maji ulimulikwa kwa taa za LED hadi ukafanana na mwali. Nilimweleza fundi habari hiyo kwa mzaha, naye akaniuliza umeme ukikatika nitaumulika ukungu kwa kitu gani.

Alirekebisha kazi siku hiyohiyo bila kudai nyongeza. Alifunika matundu ya hewa kwa vipande vya bati vinavyosogezwa, akavisogeza kidogo kidogo huku mimi nikisimama kwenye viti vya mbali na kumpungia mkono, mpaka mwali ukainuka wa manjano, karibu mita moja. Masizi yalichafua ukingo, lakini hakuna mgeni aliyeyatazama.

Lawama iliyobaki ni ya moto mdogo wa akiba, ambao ulikuwa kwenye makubaliano na haukuletwa. Kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, mvua kubwa ilizima mwenge siku chache baada ya ufunguzi, mfanyakazi mmoja akauwasha kwa kiberiti cha gesi, na wasimamizi wakalazimika kuuzima na kuuwasha upya kwa moto wa akiba uliotoka Olympia, Ugiriki, unakowashwa mwenge wa Olimpiki. Sisi tuliuhifadhi wetu ndani ya chemli nyuma ya jukwaa, na upepo wa jioni ulitulazimu kuutumia mara moja.

Tulilipa shilingi 1,800,000 za Uganda, usafirishaji ukiwa ndani yake, na kwa bei hiyo ningemrudia. Atakayepeleka kazi kama hii kwa fundi wa majiko aombe jaribio la mchana, akae mwenyewe kwenye kiti cha mbali kabisa, na azuie salio mpaka auone mwali.