Kibanda cha mbao kando ya ziwa: nawapa nyota nne

Nyota ya tano imeliwa na neti. Ilikuwa na tundu la kupitisha kidole, na msituni kando ya maji yaliyotulia, mbu hawahitaji mwaliko mkubwa kuliko huo. Ukipiga simu kuweka nafasi, uliza habari za neti kabla hujauliza kama kuna jiko.

Mengine, heko kwao. Kibanda kimejengwa juu kidogo kwenye mteremko, na hilo lilinifurahisha kuliko hata mandhari. Usiku hewa baridi huteremka na kutuama chini karibu na maji, kwa hiyo waliopiga kambi ufukweni waliamka mahema yamelowa umande, sisi tukiwa wakavu kabisa. Kama wewe ni mtu wa hema, lisimamishe walau mita 60 kutoka ziwani, na utazame juu kabla ya kupigilia vigingi: tawi kavu halibishi hodi.

Maji ya bomba hakuna. Tulichemsha ya ziwani. Yakishatokota vizuri, dakika 1 inatosha, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000.

Kuni zinauzwa getini, kavu kweli. Mlinzi hakuruhusu mtu kuingia na za kwake, kwa kuwa wadudu waharibifu wa miti husafiri ndani ya magogo. Wageni wengine walinung'unika. Mimi nilikuwa upande wa mlinzi.

Choo kiko mbali. Beba tochi, tena ya kuvaa kichwani.