RV ya kununua kwa safari za familia na marafiki: kuanzia ninayoipenda hadi ninayoikwepa

Ikifika mwezi wa tano, magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa Marekani huchangamka. Mmoja anatupia picha ya Yellowstone, wa pili anasema watoto hawajaona chochote zaidi ya Walmart na msikiti, wa tatu anatoa wazo: tuchange, tununue RV moja kubwa, yaani gari la safari lenye vitanda, jiko na choo ndani, twende wote.

Wazo la kwenda wote ni zuri. La kuchanga sina imani nalo. Gari likisajiliwa kwa jina la mmoja, bima ni yake, tiketi ni zake, na paa likivuja Januari ni yeye anayepanda ngazi. Halafu inakuja Julai, wote mnalitaka wiki ile ile. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa hata daftari likiwepo, urafiki ndio unaolipa. Ushauri wangu ni huu: kila familia iwe na gari lake dogo, au mmoja anunue na mwenzake akodi ya kufanana nayo kwa wiki ile mnayosafiri. Mkifika kambini mnaegesha ubavu kwa ubavu, mnatandika mkeka katikati, mnapika pamoja. Ikifika saa nne usiku kila mtu na mlango wake.

Kwa hiyo mpangilio ulio hapa chini ni wa familia moja yenye watoto, inayosafiri na wenzake. Mstaafu anayezunguka na mkewe peke yao ataupanga vingine kabisa.

Kabla ya aina, kuna jambo ambalo yadi za kuuzia magari haya hazitangulizi kukwambia. Kibandiko kitasema gari linalaza watu wanane. Wewe hesabu mikanda. Si ajabu kukuta RV ya kulaza wanane ina mikanda mitano au sita tu, na baadhi ya mikanda hiyo iko kwenye sofa linalotazama ubavuni. Kiti cha mtoto hakifungwi kwenye kiti kinachotazama ubavuni. Kinahitaji kiti kinachotazama mbele, chenye fremu ya chuma chini yake, si sanduku la mbao lililofunikwa mto. Nenda yadi na kiti cha mtoto chenyewe, ukifunge pale pale. Kisipokaa sawa, ondoka.

Jambo la pili ni kibandiko kingine, kile cha njano karibu na mlango, kinachotaja uzito wa watu na mizigo ambao gari limeruhusiwa kubeba. Piga hesabu. Galoni moja ya maji ina uzito wa paundi 8.3, hivyo tangi la galoni 40 likijaa ni zaidi ya paundi 330. Watu sita wa wastani wa paundi 130 ni 780. Umeshapita 1,100 na hujapakia gunia la mchele, sufuria, baiskeli wala jenereta ya akiba. Zipo RV mpya zinazong'aa ambazo kibandiko chake kinakwambia umebakiwa na nafasi ya begi la nguo tu.

Namba moja: Daraja C iliyotumika, futi 24 hadi 28

Hii ndiyo ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Nyingi zimejengwa juu ya Ford E-450, gari ambalo fundi yeyote wa magari ya mizigo anaijua injini yake. Ukiharibikiwa katikati ya Wyoming, hilo lina thamani kuliko televisheni tatu. Matoleo ya zamani yana injini ya V10 ya lita 6.8, mapya yana V8 ya lita 7.3. Zote zinakunywa mafuta: weka maili 8 hadi 11 kwa galoni. Kutoka Dallas hadi Grand Canyon ni zaidi kidogo ya maili 1,000, kwenda tu, kwa hiyo andaa fedha ya galoni 115 hivi, na za kurudi.

Watoto wanakipenda kitanda cha juu, na wazazi wanapata kitanda cha nyuma chenye mlango. Jiko lina mafiga mawili au matatu madogo, yanatosha chai na mayai. Pilau la familia mbili usilijaribu ndani, sufuria halienei, na moshi wa chapati utaamsha kengele zote. Nunua jiko la gesi la nje, lenye miguu, na mambo yote ya mafuta na vitunguu yahamie huko.

Iliyotumika kwa miaka kumi au kumi na mitano, ikiwa imetunzwa, mara nyingi utaikuta kati ya dola 25,000 na 50,000. Ninazopenda zaidi ni zile zisizo na ubavu unaosukumwa nje. Ubavu ule unaongeza nafasi, lakini una mota, una mipira ya kuzuia maji, na siku ukigoma kurudi ndani huwezi kusafiri. Magari yaliyokuwa ya kukodisha mara nyingi hayana. Cruise America, kwa mfano, huyauza ya kwake yakishatumika. Maili ni nyingi, mapambo hakuna, vitu vya kuharibika ni vichache.

Pima kimo chake, kutoka chini hadi juu ya paa. Nyingi zina futi 11 au 12 na ushee ukihesabu kiyoyozi cha juu. Kule Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa maarufu kwa kuchuna mapaa ya malori. Mwaka 2019 walilipandisha hadi futi 12 na inchi 4, na bado halijaacha kazi yake. Andika kimo cha gari lako kwenye karatasi, ibandike mbele ya usukani, na ukikodi uandike upya.

Namba mbili: trela yenye vitanda vya ghorofa

Kama tayari una pikapu ya nguvu, huenda hii ikaruka hadi namba moja. Haina injini, hivyo bei yake ni ndogo: trela mpya za kawaida zinaanzia chini ya dola 30,000, zilizotumika chini zaidi. Mkifika kambini unaichomoa, na pikapu inabaki huru kwenda dukani. Wenye Daraja C wakitaka maziwa inabidi wafunge nyumba nzima kwanza, kwa hiyo kundi lenye moja ya kila aina limejipanga vizuri kuliko lenye mbili za kufanana.

Kuna masharti mawili. Watu hawakai ndani ya trela ikiwa barabarani. Majimbo mengi yanakataza, na hata pasipokatazwa usimweke mtoto humo. Wote waenee kwenye pikapu. La pili, usiamini uzito unaoitwa mkavu, ambao ni wa trela tupu bila maji wala sahani. Ongeza paundi 1,000 au 1,500 juu yake ndipo ulinganishe na uwezo wa gari lako. Honda Odyssey, gari pendwa la akina mama wetu, imeandikiwa paundi 3,500 tu. Trela ya vitanda vya ghorofa ikishajazwa inapita hapo bila shaka.

Namba tatu: Daraja A ya petroli

Lile linalofanana na basi. Kioo cha mbele ni sinema, sebule ni sebule kweli, na shemeji akija anapata pa kulala. Sababu ya kuliweka hapa ni kwamba futi 33 hadi 36 haziingii kwenye kambi nyingi za zamani za hifadhi za taifa, na utalazimika kuvuta gari dogo nyuma ili uweze kutembea. Mikanda pia mara nyingi ni michache kuliko Daraja C, ingawa gari ni kubwa zaidi. Kwa wanaokaa mahali pamoja wiki nzima, ni raha. Kwa wanaohama kila siku, ni kazi.

Namba nne: Daraja B, yaani vani

Sprinter, Transit, ProMaster. Linaegeshwa popote, linakwenda maili 15 au zaidi kwa galoni, na fupi zake zinapita Going-to-the-Sun Road, barabara ya mlimani kule hifadhi ya taifa ya Glacier, ambako sehemu ya juu ya mlima hairuhusu gari la zaidi ya futi 21 kwa urefu au futi 8 kwa upana. Lakini jipya mara nyingi linapita dola 120,000, na kwa kawaida linalaza wawili. Marafiki wasio na watoto waje nalo, tutawakaribisha chai.

Trela kubwa ya kukaa juu ya pikapu na Daraja A la dizeli siyajadili sana. Ni nyumba za kuhamia. Kwa wiki mbili za mwaka ni fedha iliyolala.

Sasa maji, ambayo miongozo ya wenzetu inayagusa juu juu kwa sababu haikuandikwa kwa ajili yetu. Familia inayotawadha mara tano kwa siku na kutumia maji msalani badala ya karatasi inajaza tangi la maji machafu ya sinki na bafu, na lile la choo, upesi sana. Tangi la galoni 30 ambalo wao wanasema ni la siku tano, wewe lihesabu siku mbili au tatu. Faida yake ni kwamba maji mengi na karatasi kidogo ndivyo tangi la choo linavyotaka; linaloziba ni lile lenye karatasi nyingi na maji machache. Kwa hiyo ukiwa kati ya magari mawili yanayolingana, chukua lenye matangi makubwa ya choo na ya maji machafu, hata kama sofa lake limepauka.

Kabla ya siku ya kukagua, mpigie muuzaji aiwashe friji tangu jana yake. Friji za gesi huchukua saa nyingi kupoa, na anayekwambia "itapoa tu" hajaiwasha. Panda juu ya paa, angalia gundi ya kuzibia imepasuka wapi. Kisha ingia ndani, panda kitanda cha juu ya dereva, bonyeza pembe zote kwa kidole gumba. Ubao ukizama au ukinusa harufu ya ukungu, maji yameingia, na bei ya kutengeneza haina mwisho. Bonyeza hivyo hivyo sakafu kando ya choo. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la RV huzeeka likiwa na meno yote, hivyo likipita miaka sita au saba weka gharama ya seti nzima kwenye mazungumzo. Vifaa vya kutambua gesi na hewa ya sumu ya moshi (carbon monoxide) navyo vina tarehe ya kwisha, iko nyuma yake.

Uwe mwangalifu zaidi na za 2021 na 2022. Mwaka 2021 viwanda vilitoa RV zaidi ya 600,000, rekodi, huku watu wakizigombania baada ya korona. Milango inayokwaruza na mabomba yaliyolegea ya haraka ile sasa yanauzwa kama "imetumika kidogo". Lipa mkaguzi wa kujitegemea, dola mia kadhaa, na kwa gari kubwa zaidi ya hapo.

Nunua kati ya Oktoba na Januari, wakati yadi zinataka nafasi. Uliza bei ya mwisho yenye kila kitu ndani, na ukatae mkopo wa miaka 15 hata kama malipo ya mwezi yanaonekana kama ya simu. Kambi za hifadhi nyingi hufungua nafasi miezi sita kabla kwenye Recreation.gov, tovuti ya serikali ya kuwekea nafasi, na nafasi moja kwa kawaida ni ya watu sita au wanane, kwa hiyo familia mbili mnahitaji mbili zinazopakana. Mkubaliane nani anaingia kwenye mtandao asubuhi hiyo, kila mmoja na akaunti yake, namba za nafasi mkononi.